Mikono ya Mpagazi

Machi 3, Jumatatu

Daftari jipya, mvua mpya. Imeanza kunyesha saa nne asubuhi, na kufikia saa sita karatasi zote za studio zilikuwa zimelegea kama matambara. Karatasi ikinywa unyevu wino hautulii, unatambaa pembeni ya mstari na kuota nywele. Nimeshuka kwa msusi wa chini kuazima mashine yake ya kukaushia. Akaniuliza leo tunamtengeneza nani. Nikamwambia Mpagazi, akasema basi nimsalimie.

Mpagazi ni shujaa wa katuni ambaye Mwalimu amemchora kwa miaka thelathini. Haruki hewani, hatoi moto machoni. Kazi yake ni kubeba. Ghorofa likiporomoka, analishika mpaka wa mwisho atoke. Basi likining'inia darajani, analivuta. Ndiyo hivyo tu, na bado sijui mtoto ambaye hajawahi kujaribu kunyanyua kabati la mama yake kwa kumwiga Mpagazi. Mwalimu huchora kwa penseli, mimi napita juu kwa wino, wino ukikauka nafuta penseli. Miaka sita sasa tunafanya hivyo.

Leo, huku akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake, kaniambia hiki tunachoanza ndicho kitabu cha mwisho. Kurasa arobaini, kwa mhariri Mei tarehe mbili. Nikamwambia miwani iko kichwani.

Machi 4, Jumanne

Mvua. Kurasa mbili. Kikohozi cha Mwalimu na changu vinajibizana kutwa.

Machi 6, Alhamisi

Hili sijawahi kuliandika popote, wala mume wangu sijamwambia. Mkono wa Mwalimu unatetemeka. Ulianza miaka miwili iliyopita, kidogo tu, nikadhani ni baridi. Siku hizi mstari wake unakuja na mawimbi, nami napita juu kwa wino nikiunyoosha. Yeye hajawahi kunishukuru, mimi sijawahi kumwambia nimeona. Tumejitia hamnazo wote wawili. Mhariri akija na kusifu jinsi mistari ilivyotulia, Mwalimu hutia mikono mfukoni na kuuliza habari za trafiki.

Nimemuuliza kitabu kinaishaje. Nilijua jibu. Mwalimu haandiki hadithi kwanza kama wengine. Hunipa kurasa chache chache, bila neno hata moja, na viputo vya maneno hujazwa mwisho kabisa. Anasema mpiga wino anayejua mwisho huukimbilia. Nikamwambia mpiga wino asiyejua mwisho anapofuka gizani. Akasema taa iko pale ukutani.

Machi 14, Ijumaa

Binti yangu ana miaka minane na anaitwa Mwenyekiti, jina alilopewa na baba yake tangu alipoanza kutupangia nani akae wapi mezani. Amechaguliwa timu ya drafti ya shule. Mechi ya kwanza ni Jumamosi ijayo, tarehe ishirini na mbili, na amenitaka niahidi mara mbili, mara ya pili huku nikimwangalia machoni. Nimeahidi. Mume wangu ni muuguzi, wiki hii ana zamu za asubuhi na mimi narudi jioni sana, kwa hiyo mambo mengi ya nyumba hii tunayaamua mlangoni, mmoja akivua viatu na mwingine akivaa.

Nimempigia mhariri kuuliza kama tarehe inaweza kusogea. Haiwezi. Zamu yetu kwenye mitambo ya uchapaji ikipita, kitabu kinangoja mwaka ujao. Sikumwambia kwamba Mwalimu hana mkono wa kungoja mwaka ujao.

Machi 22, Jumamosi

Paa la studio limevuja usiku na kurasa sita zimelowa. Nimekaa huko tangu saa mbili asubuhi nikikausha na kupitia upya, nikijiambia saa tano nitaondoka, mara saa sita. Sikwenda.

Ameshinda. Alipofika nyumbani aliniambia, "Nimeshinda," kisha akageuka akaanza kumsimulia baba yake mchezo mzima, kete kwa kete, baba yake ambaye alikuwepo na aliuona wote. Mimi nilikuwa nimekaa palepale. Mume wangu akawa ananitupia jicho, anajaribu kunirudishia maneno, "Eti mama yake, umesikia?" Nimesikia. Nimejikaza kisabuni mpaka nilipofika bafuni.

Machi 25, Jumanne

Mvua.

Machi 31, Jumatatu

Binti wa Mwalimu amekuja. Ni mfamasia, huja kila mwisho wa mwezi na dawa za baba yake, anazipanga kwenye kile kiboksi chenye siku saba, anaaga, anaondoka. Miaka yote nimemwona mkavu. Hatazami ukutani, hatazami mezani, kana kwamba studio ni chumba cha kungojea daktari.

Leo Mwalimu alikuwa ametoka, nikamwonyesha ukurasa, kwa ajili ya kuongea tu. Akasema hajawahi kusoma hata kitabu kimoja cha Mpagazi. Nikacheka nikidhani ananitania. Akaendelea kupanga vidonge.

"Nilipokuwa mdogo niliamini baba ana mtoto mwingine," akasema. "Wa kiume, mwenye nguvu. Kuendesha baiskeli mimi nilifundishwa na jirani."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Nilipofika nyumbani nilimkuta Mwenyekiti anacheza drafti peke yake, anahamia upande huu na upande ule. Nikaomba nicheze. Amenila kete zote kwa dakika nne na hakunionea huruma hata kidogo.

Aprili 4, Ijumaa

Kuna mhusika mpya. Msichana wa miaka kumi na sita hivi, mwembamba, ana mabega ya mpira wa kikapu. Mwalimu anamwita Kinda. Ukurasa mzima wa leo Mpagazi anamfundisha kutua tangi la maji chini bila kumwaga. Analimwaga mara tano. Mara ya sita linabaki nusu, na Mpagazi anakunywa hiyo nusu. Nimecheka peke yangu.

Na nimeona kitu kingine: Mwalimu anamchora huyu msichana kwa upole ambao mimi sijawahi kuuona. Miaka sita hajanifundisha chochote kwa mdomo. Ukikosea anakuachia ukurasa mezani umegeuzwa chini, basi, ujue mwenyewe. Nimemwonea wivu msichana wa penseli, mtu mzima mimi.

Aprili 9, Jumatano

Wino mpya ni mwepesi mno. Mwenyekiti ameng'oka jino, kanionyesha siku ya pili yake.

Aprili 15, Jumanne

Kurasa nne za mwisho, thelathini na saba hadi arobaini. Paa la soko linaporomoka, Mpagazi analidaka kwa mikono miwili, watu wanakimbia chini yake, Kinda akiwa nje anaangalia. Kisha Kinda anaacha alipo na kuingia chini ya paa naye.

Mikono ndiyo imenitoa jasho. Haijawahi kuja na mtetemo kama huu. Kila kidole kina mistari mitatu mitatu, kiwiko kinacheza, nikasema maskini Mwalimu, sasa tumefika pabaya. Nimekaa nayo siku mbili nzima. Nimeinyoosha yote. Sasa imesimama kama nguzo za benki, na nadiriki kusema sijawahi kufanya kazi safi kama hii. Jioni nimefuta penseli na kuziacha mezani kwake.

Nimerudi nyumbani naimba. Mume wangu kaniuliza nimekula nini.

Aprili 17, Alhamisi

Nataka kuandika hili lilivyokuwa, bila kujipendelea.

Leo ilikuwa siku ya kujaza maneno. Mwalimu alikaa mezani na kurasa zote. Mimi nilikuwa dirishani nakinga ndoo, maana paa limerudia tena tabia yake. Alipofika kurasa za soko alizipanga upya, akavua miwani, akaivaa.

"Mikono iko wapi?" akaniuliza.

Nikaja nikamwonyesha. Hii hapa, na hii hapa, nikiwa bado najivuna, Mungu anisamehe.

Akasema hiyo ni mikono ya mwaka jana, na ya miaka yote thelathini. Kisha akanieleza, taratibu, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Kurasa hizi nne ndizo kitabu. Mpagazi kwa mara ya kwanza maishani mwake anatetemeka. Mwenyewe hajakubali, uso wake bado unajifanya, lakini msichana ameviona vidole, na ndiyo maana anaingia chini ya paa bila kuitwa. Kwa mikono niliyompa mimi, Mpagazi yuko salama salimini, na Kinda anaonekana mtoto msumbufu aliyeingilia kazi ya mkubwa.

Akasema amechora ule mtetemo kwa siku kumi na moja. Dawa ya asubuhi ikishakolea, mkono wake hutulia kwa nusu saa. Hiyo nusu saa, siku kumi na moja, aliitumia kuchora mtetemo, mstari kwa mstari, kila mmoja mahali pake. Mkono uliotulia ndio unaoweza kazi hiyo.

Nilitaka kusema kitu kuhusu unyevu, kuhusu wino mpya, upuuzi wowote.

Akaniangalia. Akasema, "Ulidhani ni mimi."

"Ndiyo, Mwalimu."

Miaka miwili tumelizunguka neno hilo kama watu wanaozunguka dimbwi, na leo tumelikanyaga wote wawili kwa mpigo. Penseli nimeifuta mwenyewe, chini ya wino hakuna kitu cha kurudia. Alitia mikono mfukoni, akachukua mwavuli, akaondoka. Hakunipigia kelele, na bora angenipigia.

Nimemsimulia mume wangu yote, tangu mwanzo, hata ya miaka miwili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema wagonjwa wake nao humficha hivyohivyo, na wauguzi nao hunyoosha shuka kana kwamba hawaoni. Hakusema nimekosea wala sijakosea. Alinipikia chai.

Aprili 18, Ijumaa

Hakuja.

Aprili 19, Jumamosi

Hakuja. Mvua tangu alfajiri.

Aprili 21, Jumatatu

Amekuja mapema kuliko mimi. Nilimkuta na karatasi mpya, anajaribu mikono upya. Chini ya meza kulikuwa na karatasi nane zilizokunjwa. Nikatoka nje nikakaa ngazini, nisimwone.

Saa tatu binti yake alipandisha ngazi na dawa nyingine, akanikuta hapo, akakaa ngazi moja chini yangu. Ameniambia ile nusu saa imekwisha. Sasa ni dakika tano, kuna siku hata hizo hakuna, na dawa wamefika nayo kikomo. Akaniuliza kwani mimi siwezi kuchora hiyo mikono. Nikamwambia mimi ni mpiga wino, sijawahi kuanzisha mstari kwenye kitabu hiki, na mtetemo wenyewe sijui unakaaje, kwa kuwa miaka miwili kazi yangu imekuwa kutouangalia.

"Basi mwombe akuonyeshe," akasema. "Mimi hajawahi kunionyesha. Huwa ananipokea mikono ikiwa mfukoni."

Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Si mkavu hata kidogo, amechoka tu kugonga mlango.

Aprili 22, Jumanne

Nimepiga moyo konde nikamwomba. Nilisema, "Mwalimu, naomba nione mikono yako." Akasema ana kazi. Kazi gani, hakuna kazi bila hiyo mikono, na nikamwambia hivyohivyo, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake. Akaondoka bila mwavuli. Nimebaki najilaumu mpaka jioni.

Aprili 23, Jumatano

Alifika saa mbili na nusu, amelowa. Hakuvua koti. Alikaa mbele yangu, akatoa mikono mfukoni, akaiweka mezani juu ya karatasi nyeupe.

Sijui niliandike vipi. Ni mikono mikubwa, ina wino wa miaka kwenye kucha, na haikutulia hata nukta moja. Karatasi ilikuwa inalia chini yake, ule mlio mdogo. Nikataka kuishika. Akasema, "Usinionee huruma, chora."

Nikachora. Mwanzo nilichora ovyo, mistari kila upande. Akasema hapana, angalia, mtetemo unaanza kidole gumba, unapanda, ukifika kiwiko unapungua. Kisha akainyanyua mikono juu ya kichwa chake kama aliyebeba paa, mzee wa watu, na koti lake linachuruzika maji, akaniambia sasa angalia uzito unavyoubadilisha. Kweli, ulibadilika. Mtetemo wote ulielekea chini. Alikaa hivyo mpaka mabega yakamshinda, akapumzika, akainyanyua tena. Saa mbili nzima alinifundisha, kwa mdomo, akinisahihisha kila kidole. Nilikuwa nachora huku machozi yanashuka na hakuna aliyeyataja.

Saa kumi na moja kasoro akaniambia nifunge, niende kwa mwanangu. Nikasema bado nina mkono wa kushoto.

"Nenda," akasema. "Mimi nipo hapa saa hizi kwa sababu sikwenda."

Aprili 26, Jumamosi

Ukurasa wa thelathini na saba umekubali. Mwalimu hakuugeuza chini.

Wiki yote hii nimefika nyumbani kungali mchana mweupe. Mwenyekiti ananiangalia kwa mashaka, kama mgeni aliyekuja na mzigo mkubwa. Ila jana alinifundisha mbinu ya kutoa kete moja ili ule mbili. Amefika fainali. Ni Ijumaa, Mei tarehe mbili, saa nane mchana. Tarehe ileile ya mhariri. Hakunitaka niahidi.

Aprili 29, Jumanne

Thelathini na nane, thelathini na tisa. Mvua.

Mei 2, Ijumaa

Nimemaliza wino wa ukurasa wa mwisho saa saba na dakika kumi. Mhariri anafika saa kumi. Kurasa zote nne zina penseli chini, na kwa unyevu wa leo, hata kwa mashine ya msusi, wino unahitaji zaidi ya saa moja kabla ya kifutio kuugusa. Ukifuta mapema, unapaka kila kitu moshi. Ukifuta kwa mkono usiotulia, karatasi inajikunja katikati na kuchanika. Hakuna muda wa kuchora tena. Na fainali saa nane, upande wa pili wa mji.

Mwalimu akaniambia niende, atafuta yeye.

Nikamwangalia mikono, tena waziwazi, siku hizi tunaangalia. Ilikuwa vibaya kuliko wiki nzima, hata kikombe cha chai alikuwa amekiacha kipoe mezani bila kukigusa. Nikasema nitangoja tu, mwanangu ataelewa. Akasema wake naye alielewa. Kisha akanyoosha mkono nimpe kifutio, na ule mkono unacheza hewani kati yetu, na mimi nimekishika kifutio kama nimeshika funguo za nyumba.

Nilimpa. Niliondoka kwa shingo upande, nageuka nyuma kila hatua tatu, ngazi nzima nahesabu kurasa nne, kurasa nne.

Nimefika wakati wanapanga kete. Mwenyekiti aliinua kichwa akaniona mlangoni, nimelowa chapachapa, akashusha kichwa haraka kana kwamba hakuniona, lakini masikio yalikuwa yanacheka. Ameshindwa. Alikuwa anaongoza, akaachia kete moja ovyo, mpinzani wake akapata kingi na kumfagia. Alivumilia mpaka akampa mwenzake mkono, akatembea hadi kwangu, akaweka uso tumboni mwangu na kulia kwa sauti. Mume wangu alitushika wote wawili. Tulisimama hivyo watu wakitupita, na kwa muda wote ule sikukumbuka kurasa. Nimezikumbuka sasa naandika.

Mei 5, Jumatatu

Studio imefungwa. Nimempigia mhariri, akasema kurasa amezipokea Ijumaa saa kumi, arobaini kamili, safi. Nikamuuliza safi kivipi. Akaniuliza kwani safi ziko ngapi. Nikampigia Mwalimu, akasema alifuta kama watu wanavyofuta, na amelala, nimwache.

Mei 12, Jumatatu

Jua siku nzima. Nimerudisha mashine ya msusi, nikamshukuru. Akaniuliza Mpagazi anaendeleaje, nikamwambia anazeeka vizuri.

Mei 30, Ijumaa

Kimetoka. Nimekwenda na Mwenyekiti dukani kukinunua kama watu wengine, kwa kuwa nilitaka kukiona kimepangwa na vingine. Ameanzia nyuma, kama kawaida yake. Amefika kwenye soko, akaniambia, "Mama, anatetemeka. Halafu huyu dada ameona." Nikamwambia ndiyo, ameona.

Mimi nilifungua mwanzo, ukurasa wa majina, ambao kwa miaka thelathini umekuwa na jina moja tu, lake. Maneno hayo huyaandika Mwalimu mwenyewe na kuyapeleka kwa mhariri bila kunionyesha. Safari hii ni mistari mitatu.

Picha na wino: majina yangu yote matatu.

Kufuta penseli: jina la Mwalimu.

Kushika karatasi isitikisike: jina la binti yake, yule mfamasia.